Kufunga feni mpya ya prosesa kwenye kompyuta ya mezani, kwa joto hili la Tanga

Kompyuta nyingi za mezani hapa Tanga ni za mtumba, zimetumika miaka kadhaa kwenye ofisi za watu huko Ulaya ndo zikaja kuangukia stashenari ya Ngamiani au chumbani kwa kijana wa gemu pale Makorora, na feni ya prosesa (ile chipu kuu inayofanya hesabu zote za mashine) iliyokuja nayo iliwekwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi. Huku kwetu ukifika mwezi wa pili, chumba cha bati chenye dirisha moja saa nane mchana kinagonga nyuzi 32 hata mashine hujaiwasha. Matokeo yake feni inanguruma kutwa nzima, prosesa ikikaribia kikomo chake (Intel nyingi ni nyuzi 100, Ryzen za AMD nyingi ni 90 mpaka 95) inajipunguza kasi yenyewe isije ikaungua, na we unaona tu mashine imekuwa nzito unaanza kulaumu Windows.

Hapo ndo watu wanakimbilia kuagiza feni kubwa. Sawa, kuifunga ntaeleza, ila kabla hujatoa hela fungua mashine, toa vumbi, badilisha themo pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitsinki) halafu upime joto tena, kupima naeleza mwishoni. Kuna mashine kibao tatizo lao linaishia hapo hapo. Pesti ikikaa miaka inakauka na kupasukapasuka, na vumbi likichanganyika na unyevu wa bahari linaganda katikati ya mapezi ya hitsinki (lile chuma linalokaa juu ya prosesa kunyonya joto) mpaka upepo haupiti kabisa, na kama uko upande wa Pongwe kwenye malori ya saruji ndo usiseme. Ukishafanya hayo yote na bado ukirenda video au ukifungua gemu inakimbilia 90, basi feni mpya ina kazi ya kufanya.

Vipimo kwanza, hela baadaye

Maana ukishaletewa mzigo na basi kutoka Kariakoo, umeupokea stendi ya Kange, afu ukagundua haukai, hiyo nauli ya kuurudisha ni yako. Kitu cha kwanza kujua ni soketi, yani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi (ule ubao mkuu ndani ya kompyuta). Ukifungua programu ya CPU-Z inakuandikia, au tafuta modeli ya mazabodi yako mtandaoni. Kwa Intel, soketi za LGA1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zote zina matundu manne ya kufungia yaliyoachana milimita 75 kila upande, kwahiyo feni moja inakaa kwenye zote hizo, yani kuanzia mashine za 2009 mpaka za mwanzoni mwa 2021. LGA775 ile ya zamani ni milimita 72. LGA1700 iliyotoka 2021 na prosesa za kizazi cha 12 ni milimita 78. Tofauti ni milimita 3 tu, ukitazama kwa macho huioni, lakini skrubu haiingii, na hata ukiilazimisha ikaingia hitsinki inakaa upande. Kama huna uhakika chukua rula upime kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu la pili, la jirani sio la kukingama. Kwa AMD, AM4 na AM5 zina matundu yale yale ya milimita 54 kwa 90, ndo maana feni nyingi za AM4 zinakubali AM5.

Cha pili ni urefu. Laza kasha ubavu, fungua mfuniko, weka rula juu ya prosesa ilipo (juu ya hitsinki ya zamani haina maana, kadiria toka usawa wa juu wa prosesa yenyewe) upime mpaka usawa wa mfuniko. Hyper 212 EVO ya Cooler Master, ambayo mafundi wengi wanaijua, ina kimo cha milimita 159. Kasha la kawaida la mnara linaweza kuipokea, kasha jembamba haliwezi hata kidogo. Kwa kasha jembamba kuna feni fupi, Noctua NH-L9i kwa mfano ina kimo cha milimita 37, lakini usitegemee ipoze prosesa ya moto sana. Angalia pia ramu (vile vijiti vya kumbukumbu pembeni ya prosesa), zile zenye mapambo marefu juu zinagongana na feni ya mbele.

Sasa nije kwenye Dell OptiPlex na HP za ofisini, maana ndo zimejaa mjini. Hizi zina mambo yao. Nyingi hitsinki yake haijafungwa kwenye bamba la kawaida la nyuma ya mazabodi, imefungwa kwenye nati zilizoko kwenye bati la kasha lenyewe, kwahiyo bamba la feni mpya halina pa kukaa. Plagi ya feni kwenye Dell nyingi ina pini 5 badala ya 4. Na ukichomoa feni yao ukaweka nyingine, kila ukiwasha inakuandikia kwamba feni ina hitilafu, bonyeza F1. Kuna waya za kubadilishia plagi na kuna watu wanakata bati kwa grainda, mi binafsi sikushauri. Kwa mashine hizo tafuta hitsinki kubwa zaidi ya modeli hiyo hiyo ya kampuni, ile iliyokuwa inawekwa kwenye mashine ya familia hiyo yenye i7, weka pesti nzuri, maliza. Yanayofuata hapa chini ni kwa wenye mazabodi za kawaida.

Vya kuwa navyo mezani

Bisibisi ya nyota ya saizi ya kati na iwe ndefu, hii ya ndefu usiidharau kwa sababu skrubu zingine zinapitia katikati ya mapezi. Themo pesti, hata kama kwenye boksi la feni imo ya bure, Arctic MX-4 au nyingine ya jina linalojulikana inatosha. Isopropili ya asilimia 90 kwenda juu ya kufutia. Ukiikosa, spiriti ya duka la dawa inaweza kufaa ila sio zote, zipo zilizotiwa mafuta ya kulainisha ngozi, so dondosha tone moja kwenye kioo uliache likauke, likiacha utando wa mafuta hiyo sio yako. Petroli, mafuta ya taa na kitoa rangi ya kucha usivisogeze. Pata na kitambaa kisichoacha nyuzi, fulana ya zamani ya pamba iliyofuliwa ni nzuri.

Na taulo la kufutia jasho, hapo sitanii. Ukiinama juu ya mazabodi mchana wa kaskazi tone la jasho linadondoka kwenye soketi, na jasho lina chumvi. Fanya kazi hii asubuhi mapema au usiku. Faida ya unyevu wetu ni kwamba umeme tuli hausumbui kama kwenye nchi kavu, hata hivyo kabla ya kushika chochote gusa bati la kasha lisilo na rangi.

Kutoa ya zamani

Hapa ndo prosesa za watu zinapofia. Washa mashine ifanye kazi dakika 10 au 15 ili pesti ilainike, afu izime, chomoa waya wa umeme ukutani (chomoa kabisa, swichi tu haitoshi), bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kumi moto uliobaki uishe. Chomoa plagi ya feni kwenye mazabodi.

Feni ya Intel ya kiwandani ina miguu minne ya plastiki yenye mshale juu. Zungusha kila mguu kufuata mshale robo mzunguko, vuta juu, utasikia inaachia. AMD ya AM4 ipo ya klipu yenye mkono wa kuinua na ipo ya skrubu nne. Sasa kwenye AM4 sikiliza vizuri: usivute hitsinki moja kwa moja juu. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, na pesti iliyokauka inazishika kiasi kwamba hitsinki inachomoka na prosesa wakati soketi bado imefungwa, pini zinapinda au zinakatika. Izungushe hitsinki taratibu kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka uisikie imeachia na inateleza, ndo uinue. Kwa Intel za LGA pini ziko kwenye soketi ya mazabodi na prosesa imebanwa na fremu ya chuma, hiyo hatari haipo, ila usije ukafungua hiyo fremu kwa udadisi tu. Pini za humo ni nyembamba, ukiigusa moja kwa kidole imepinda na kuinyoosha ni kazi ya darubini.

Futa pesti ya zamani kwenye prosesa kwa kitambaa chenye isopropili kidogo, ukitoka pembeni kuja katikati ili usiisambaze kwenye soketi. Rudia na upande mpya wa kitambaa mpaka chuma king'ae na maandishi yasomeke vizuri. Acha ikauke.

Bamba la nyuma na breketi

Makasha mengi ya siku hizi yana dirisha lililokatwa kwenye bati nyuma ya soketi, unafungua mfuniko wa upande wa pili unalikuta, kwahiyo si lazima utoe mazabodi. Kasha la zamani lisilo na dirisha, toa mazabodi yote, usitafute njia ya mkato.

Kwa Intel unaweka bamba la nyuma lililokuja na feni. Lina matundu ya soketi tofauti na mara nyingi kila tundu lina namba yake, chagua la kwako na pini zote nne zikae kwenye namba moja. Upande wenye mpira au karatasi ya kuhami ndo unaelekea mazabodi, chuma kikigusa sehemu zilizochomelewa kule nyuma unaweza kupiga shoti. Kwa AM4 feni nyingi zinatumia bamba la AMD lile lile lililokuwepo, unafungua skrubu nne zinazoshika zile plastiki za mbele, na hapo mwenzako awe ameshika nyuma maana ukifungua ya mwisho bamba linadondoka. AM5 halidondoki, limeshikwa na soketi yenyewe.

Kisha breketi za mbele. Soma kale kakaratasi kenye michoro, hata kama ni ka Kichina mchoro unaeleweka, kwa sababu skrubu za Intel na za AMD zinafanana kwa macho lakini urefu unatofautiana. Hakikisha umeangalia feni itaelekea wapi kabla hujakaza breketi, kwenye AMD hasa, maana breketi ikikaa mwelekeo mmoja feni inapuliza nyuma, ikikaa mwingine inapuliza juu. Vyote vinafanya kazi, ila kupuliza nyuma ndo bora kama kasha lina feni ya kutolea hewa pale nyuma.

Pesti, na kukaza

Tone moja katikati ya prosesa, ukubwa wa punje ya kunde. Kwa Intel ya kawaida hiyo ni upana wa milimita 4 au 5 hivi. Kwa LGA1700 ambayo prosesa yake ni ndefu weka mstari mfupi, na kwa AM4 na AM5 ongeza matone madogo manne kuelekea kwenye kona. Usisambaze kwa kidole, kidole kinaacha mafuta na mapovu ya hewa. Pesti kazi yake ni kujaza vishimo visivyoonekana kati ya vyuma viwili, chuma kwa chuma ndo kinapitisha joto vizuri kuliko pesti yoyote, kwahiyo kumwaga nusu sindano hakuongezi ubaridi, kunachafua tu. Kama kitako cha feni yako ni mabomba ya shaba yaliyo wazi yenye mifereji kati yake, pitisha pesti kidogo kwenye hiyo mifereji kwanza uikwangue na kadi ibaki tambarare.

Geuza hitsinki uangalie kitako. Kuna nailoni ya kukinga, wakati mwingine ina maandishi, wakati mwingine ni angavu kabisa. Itoe. Wapo wanaofunga nayo wakashangaa mashine inazima ndani ya dakika mbili.

Toa feni kwenye hitsinki, ile klipu ya waya inaachia kirahisi, ili upate nafasi ya bisibisi. Shusha hitsinki wima, usiiburuze, igusane mara moja na ibaki hapo. Ukiiinua tena hewa inaingia kwenye pesti, itabidi ufute uanze upya. Ingiza skrubu ya kona moja ishike mizunguko miwili tu, nenda kona inayokingamana nayo mizunguko miwili, afu zile mbili zilizobaki. Ndo unaanza kukaza nusu mzunguko nusu mzunguko kwa kukingamanisha hivyo hivyo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, kitako kinainuka upande wa pili na pesti yote inakimbilia huko, na hapo ndo unakuta prosesa moja kiini kimoja kina nyuzi 70 kingine 88. Skrubu nyingi zina springi na kizuizi, zikifika mwisho utahisi zimegoma. Zikigoma acha. Nguvu ya mkono haiongezi kitu, inapindisha mazabodi.

Shika hitsinki uitingishe kidogo. Ikicheza juu ya prosesa kuna skrubu haijafika. Ikitikisika na mazabodi pamoja iko sawa.

Feni na waya

Upepo wa feni unatokea upande wenye fremu na stika ya mota, unaingilia upande ulio wazi, na feni zingine zina mshale ubavuni. Kwenye hitsinki ya mnara feni inakaa upande wa ramu ikisukuma hewa kupita kwenye mapezi kuelekea nyuma ya kasha. Ikigeuzwa inapambana na feni ya kasha, moto unazunguka ndani kwa ndani.

Plagi iende kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN kwenye mazabodi. Ni pini 4, ya nne ndo inayobeba amri ya kasi. Ukiwa na feni ya pini 3 inaingia hapo hapo, lakini itazunguka kwa kasi yote mpaka uingie bayosi (menyu ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) ubadilishe usimamizi uwe wa volti, wanaandika DC. Kama feni ina taa, tazama vizuri plagi ya taa: ile ya volti 5 yenye pini 3 ukiilazimisha kwenye ya volti 12 yenye pini 4 taa zinakufa palepale. Waya uliobaki ufunge mbali na mapanga.

Kuwasha na kusoma joto

Washa na uingie bayosi moja kwa moja. Angalia mzunguko wa feni unasomeka na joto la prosesa limetulia. Likisimama 40 na kitu au 50 kwa hali yetu ni kawaida, kwenye bayosi prosesa hailali. Likipanda mfululizo 60, 70, 85 ndani ya dakika moja, zima haraka: aidha nailoni, aidha hitsinki haigusi.

Kwenye Windows weka HWiNFO au Core Temp, kamua prosesa na Cinebench dakika 20, usome kiwango cha juu. Na hapa ndo wengi wanajichanganya. Wanatazama mtu YouTube anaonyesha feni hiyo hiyo ina nyuzi 65, wao wanapata 76, wanahisi wameuziwa feki. Yule chumba chake kina nyuzi 21, chako kina 32. Feni haiwezi kushusha joto chini ya hewa inayoivuta, inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na chumba. Yeye 65 toa 21 ni 44. We 76 toa 32 ni 44. Mko sawa sawa. Kwahiyo tafuta kipimajoto cha ukutani, andika joto la chumba kila unapopima, na ulinganishe tofauti, sio namba yenyewe. Ukipima Julai upepo wa kusi unapuliza afu ukapima tena Februari bila kuandika joto la chumba, utabadilisha pesti bure.

Kama tofauti bado ni kubwa na kila kitu kimekazwa vizuri, angalia kasha. Feni ya prosesa inahamisha moto kutoka kwenye chuma kwenda kwenye hewa ya ndani ya kasha, hiyo hewa isipotoka nje umefanya kazi nusu. Feni moja ya milimita 120 nyuma inayotoa hewa inabadilisha mambo sana, na ni rahisi. Kuacha mfuniko wazi na kuelekezea feni ya mezani, kama wanavyofanya kwenye stashenari nyingi, kunasaidia wiki ya kwanza, baadaye unakuwa umealika vumbi lote la barabara.

Walioko karibu na bahari, Raskazone na maeneo yale, wasiiweke mashine usawa wa dirisha. Upepo wa bahari una chumvi, na mapezi ya aluminiamu yanaota unga mweupe, skrubu zinashika kutu hadi siku ya kufungua zinakatika vichwa. Kila baada ya miezi mitatu hivi zima, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, pulizia na blowa, pitisha brashi kavu. Pesti nzuri haihitaji kuguswa kwa miaka kadhaa, usifungue bila sababu.

Na ukihama au ukimtumia mtu mashine kwa basi: Hyper 212 EVO ina gramu 580, Noctua NH-D15 na feni zake inafika gramu 1,320, uzito wote huo unaning'inia kwenye mazabodi. Toa hitsinki uifunge peke yake, au kama huwezi, laza kasha ubavu mnara uwe umesimama juu, ujaze sponji ndani, na umwambie kondakta usoni kwake asiisimamishe kule kwenye buti.